Kivuli cha Vichwa Vitatu

Kipimo kilipogota kwenye thelathini na nne, Sikitu Mwalongo alidhani mkanda wa kupimia umelegea. Alimwomba mwanamke aliyekaa mbele yake ainamishe kichwa, akaukaza mkanda juu ya kilemba chake, akafuta kioo cha kishikwambi kwa mkono wa sweta, akaanza upya. Thelathini na tatu. Kilikuwa kimeshuka.

"Samahani, dada Yusta," alisema. "Turudie mara ya mwisho. Usifikirie sana, jibu tu kama ulivyozoea."

Yusta Ngailo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, vidole vimejaa madoa meusi ya utomvu wa parachichi ambayo hayatoki kwa sabuni. Alikaa juu ya kreti lililofudikizwa, magoti pamoja, kama mtu aliyeitwa kanisani kutoa ushuhuda. Nyuma yake mkanda wa kuchambulia matunda ulikuwa ukinguruma, na ukungu wa asubuhi ya Njombe ulikuwa bado umeziba madirisha ya banda.

Swali la ukungu unaoozesha mizizi Yusta alilijibu kabla halijaisha. La pili lilihusu chumvi kwenye udongo. Hapo aligeuza macho kuelekea mlango wa chumba cha baridi, kama anayemsubiri mtu atoke. La tatu lilihusu nondo anayetaga kwenye ganda la tunda. Alitazama upande mwingine, kule kwenye mkanda wa matunda.

Thelathini na nne.

Sikitu alishusha kishikwambi mapajani. Alikuwa amesafiri tangu jana yake kwa ajili ya mwanamke huyu. Ndani ya mkoba alikuwa na skafu ya buluu ya wahitimu, imekunjwa vizuri ndani ya karatasi, kwa sababu alitaka kumvika kwa mikono yake mwenyewe.

Chuo alichofanyia kazi watu walikiita Chuo Bila Geti. Miaka kumi na mmoja nyuma geti la chuma lilikuwa limeng'olewa mbele ya wageni waalikwa, na kuanzia siku ile mwanafunzi hakulazimika kwenda popote. Aliyejiandikisha alipewa kisikio kidogo cha kuvaa sikioni, na kwenye mitambo ya Chuo kivuli chake kikazaliwa. Kivuli kilikuwa picha ya akili yake. Kilijichora kidogo kidogo kutokana na majibu yake, makosa yake, hata urefu wa kimya chake kabla ya kujibu. Kila somo lilipikwa upya kukifuata kivuli hicho. Aliyesoma alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe na aliyesoma mchana akisubiri zamu ya kusaga walipata kila mmoja somo lake, kwa mwendo wake. Mtihani haukuwepo. Baada ya miaka mitatu kivuli chenyewe ndicho kilikuwa ushahidi, na kazi ya mhakiki kama Sikitu ilikuwa moja tu, kuthibitisha kwamba kivuli na mwenyewe wanalingana. Themanini, umehitimu. Chini ya sitini, kivuli si chako, umekinunua.

Na kivuli namba 4471, cha Afya ya Mimea, kilikuwa bora kuliko vyote alivyowahi kuona. Wahadhiri walikuwa wakionyeshana majibu yake. Hakikusinzia wala kuchoka. Saa yoyote ya mchana kilikuwa macho, kinauliza maswali ambayo hayakuwa kwenye kozi.

"Dada Yusta," Sikitu alisema taratibu, "nani alikuwa anavaa kisikio chako?"

Yusta hakushtuka. Alionekana kama aliyepata nafuu kwamba hatimaye ameulizwa.

"Kama ungeniambia mapema tunapimwa leo, ningewaita wenzangu," alisema. "Si ndiyo maana nashindwa. Mimi ni wa mizizi."

* * *

Wenzake walikuwa wawili. Editha Mligo alitoka chumba cha baridi akipuliza viganja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukata. Oliva Mgaya, mdogo kuliko wote, alitoka kwenye mkanda bado ana glavu mkono mmoja. Wakamsalimu mgeni, kamwene, kamwene, wakasimama mmoja kila upande wa Yusta.

Walieleza wakipokezana, na hakuna aliyeshusha sauti. Kisikio kilikuja kimoja kwa sababu kila kaya ilipewa kimoja, na wao walikuwa wamepanga nyumba moja nyuma ya banda. Asubuhi Yusta alikuwa hana zamu, akasoma mizizi na magonjwa yake. Mchana alimwachia Editha, akasoma udongo. Jioni Oliva alikivaa chini ya kilemba akiwa kwenye mkanda, akasoma wadudu huku wadudu wenyewe wakipita mbele yake. Jumapili walikaa pamoja wakapigana maswali.

"Lakini kozi ni ya mtu mmoja," Sikitu alisema.

"Ni ya Yusta," Oliva alimsahihisha. "Hii ni yake. Inayofuata ni ya Editha, halafu yangu. Ni mgowi tu, dada. Kwenu hamlimi mgowi?"

Kwao walilima. Sikitu aliujua mgowi tangu utotoni: leo kijiji kizima shambani kwa fulani, majembe ishirini kwenye tuta moja, kesho kwa jirani yake, na shamba linabaki la mwenye shamba. Bibi yake alikuwa akiuandalia ulanzi, pombe ya mianzi, tangu juzi yake. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeitazama nafasi ya chuo kikuu akaona shamba.

"Na tulisema," Editha aliongeza, kidole juu. "Hatukuficha. Fomu iliuliza kifaa kitatumiwa na watu wangapi. Tukaandika watatu. Ikajibu asante."

Sikitu alifungua fomu ya zamani. Ilikuwa hapo. Watu: 3. Asante, karibu Chuoni. Swali lile liliwekwa na mafundi wa mtandao ili wajue ukubwa wa mzigo, na jibu lake halikuwahi kusomwa na binadamu.

"Tangazo lenu lilisema soma wakati wowote," Yusta alisema, kama anayeomba radhi. "Tukakaa tukahesabu. Hapa hakuna mtu mwenye wakati wowote. Tukiwa watatu, ndiyo unapatikana."

Sikitu alifanya jambo ambalo mwongozo haukulitaja popote. Aliuwasha mkanda wa kupimia tena, akauliza maswali yote sitini, na kila swali akauacha mkanda uende kwa aliyetaka kulijibu. Ulikwenda kwa Yusta, kwa Editha, kwa Oliva, ukarudi kwa Yusta. Waliubishania. Mara mbili Oliva aliunyakua kichwani kwa Editha akisema hilo la kwangu wewe, utatutia aibu, na Editha akampiga kibao cha begani.

Tisini na sita. Katika miaka minne ya kazi Sikitu hakuwahi kuona tisini na sita.

Chini ya namba hiyo kishikwambi kilimwonyesha vitufe viwili. Analingana. Halingani. Alivitazama mpaka kioo kikazimika chenyewe. Alikigusa kikawaka, na vilikuwa bado viwili.

* * *

Alitoka nje kumpigia Profesa Hyera, mkuu wa uhakiki, mtu aliyemfundisha kazi na ambaye alimpenda kama baba mdogo. Alimweleza kila kitu haraka haraka, akitembea kati ya makreti matupu. Alimwomba kitufe cha tatu. Kama mfumo una akili ya kupika masomo elfu sitini tofauti kwa siku, alisema, haiwezekani ushindwe kuandika majina matatu kwenye cheti kimoja.

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, maana ndivyo alivyokuwa. Halafu akamkumbusha habari za mkaguzi mmoja wa mpakani, mhitimu wao wa mwanzo kabisa, ambaye kivuli chake kilisomewa na binamu. Mkaguzi huyo alipitisha lori la miche yenye ukungu kwa sababu hakujua anachokitazama. Wilaya mbili ziling'oa miti yao.

"Huyo alidanganya, Profesa. Hawa hawajadanganya."

"Miti haikujali kwamba alidanganya, Sikitu. Ilikufa kwa sababu mtu mmoja, peke yake, hakujua. Yusta wako akisimama pale mpakani akaulizwa habari ya udongo, atafanya nini?"

"Atampigia simu Editha."

"Na mtandao ukikatika?"

Sikitu aliacha kutembea. Hilo ndilo lilimchoma zaidi. Angekuwa mzee mkorofi angemchukia, lakini hoja yake ilikuwa nzito na ilikuwa ya kweli.

"Lakini hataenda mpakani," alijaribu tena. "Anataka kukagua hapa hapa bandani. Wenzake wako hatua kumi."

"Cheti hakisemi hapa hapa. Cheti kinasema popote." Profesa alikohoa. "Shauri linafungwa saa kumi alasiri. Ukibonyeza Halingani kivuli kinafutwa na namba inazuiliwa miaka mitano. Usipobonyeza, mfumo utabonyeza wenyewe. Kanuni ya tatu."

"Kanuni ya tatu ni ya kijinga."

"Nani aliiandika?"

Aliiandika yeye. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, ametoka tu kuhitimu, na mwaka ule watoto wa wenye nacho walikuwa wakilipa watu kuwasomea. Aliona shahada ya maskini inageuzwa karatasi ya kufungia vitumbua, akakaa wiki mbili bila kulala vizuri akaandika kanuni kumi na mbili. Elimu iwe imepatikana kwa kichwa chake mwenyewe, aliandika, na kamati ikampigia makofi. Alidhani anawajengea ukuta watu kama Yusta. Kumbe aliwajengea, kweli, na kuwaacha nje.

Alimwambia Profesa hayo. Profesa akasema kwa upole kwamba kanuni inaweza kurekebishwa, kamati inakaa mwezi wa tisa.

"Kivuli kinafutwa leo."

"Ndiyo," Profesa alisema. "Leo."

* * *

Ilikuwa saa nane na nusu alipowaeleza. Hakupamba. Alisema kivuli kitafutwa, miaka mitatu itafutwa pamoja nacho, na kwa miaka mitano kaya yao haitapewa kisikio.

Oliva aliketi chini, glavu yake mapajani. Yusta aliuliza kama anaweza kusoma upya yote peke yake baada ya hiyo miaka mitano, akajijibu mwenyewe kimya kimya kwa kuhesabu umri wake kwenye vidole. Editha ndiye aliyewaka. Alitaka kujua kama mgeni anafahamu kwa nini walianza. Mkaguzi wa mjini alikuwa anapita bandani mara moja kila wiki mbili. Matunda yakimsubiri yanaiva kwenye makreti na kumwagwa. Kwa Editha alikuja amechelewa zaidi. Miti yake mia moja na arobaini ilianza kunyauka, yeye akaona, akapiga simu, akasubiri. Mkaguzi alipofika hakukuwa na la kukagua, kulikuwa na la kuchoma. Sasa banda lilikuwa limekubali kumweka mkaguzi wake mwenyewe mwezi ujao, bora awe na cheti, na cheti kilikuwa kwenye mkoba wa mgeni.

"Sisi hatukutaka vyeti vitatu," Editha alisema. "Tulitaka kimoja kifanye kazi."

Sikitu alisema anaelewa. Editha akamtazama kwa muda, hasira ikipungua na kuacha udadisi mtupu.

"Wewe, mwanangu, ulisoma peke yako?"

Lilikuwa swali la kawaida, la mtu anayetaka kujua watu wa chuo wanaishije. Sikitu akaanza kujibu ndiyo. Ndiyo hiyo ilikuwa jibu lake la kila mwaka, ilikuwa kwenye wasifu wake, mhakiki lazima awe amelinganishwa bila shaka. Haikutoka.

Mwaka wake wa pili aliugua malaria siku kumi na sita. Chuo kilijigamba kwamba kinamsubiri mwanafunzi, na kweli kilimsubiri siku kumi. Baada ya hapo kivuli kisicholishwa kilianza kusahau, na kilichosahau zaidi ya robo kilifungwa. Mfumo haukuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu ana homa. Prisca, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, alikitoa kisikio sikioni mwa Sikitu siku ya tisa, akakivaa, akajibu takwimu zote kwa niaba yake mpaka alipoweza kukaa. Halafu akamfundisha zile takwimu upya, mwezi mzima, wakienda kuchota maji, wakirudi. Sikitu alipopimwa alipata themanini na saba. Hakumwambia mtu. Miaka miwili baadaye akaandika kwenye kanuni yale maneno, kwa kichwa chake mwenyewe, bila kujikumbuka hata kidogo. Alikuwa amejisahaulisha vizuri kiasi hicho.

"Hapana," alimwambia Editha. "Nilikuwa na Prisca."

Akawasimulia. Oliva alicheka kidogo pale kwenye kisikio kutolewa sikioni mwa mgonjwa, akaomba msamaha. Yusta hakucheka. Aliuliza Prisca yuko wapi sasa, na Sikitu akasema anafundisha sekondari Makete, ana mapacha.

Halafu Sikitu akachukua kishikwambi, maana alikuwa amekumbuka kanuni ya tisa.

Hakuna aliyewahi kuitumia. Aliichomeka katikati usiku wa mwisho kwa sababu kumi na mbili ilionekana namba kamili kuliko kumi na moja, na wenzake ofisini waliitania miaka yote. Mhakiki ambaye ulinganifu wake mwenyewe umetiliwa shaka hawezi kufunga shauri la mwingine. Shauri lolote lililo wazi mikononi mwake husimama, na hakuna kinachofutwa, mpaka la kwake lisikilizwe mbele ya kamati nzima.

Kitufe kilikuwepo. Hakikuwa pamoja na vile viwili. Kilikuwa ndani, kwenye ukurasa wa malalamiko. Ripoti shaka. Alikifungua. Fomu iliuliza jina la anayetiliwa shaka, na vidole vyake vikasimama juu ya herufi.

Aliwaza kazi yake. Aliwaza mama yake, ambaye aliitundika picha ya mahafali ukutani juu ya redio. Aliwaza kwamba Profesa Hyera ataumia, na kwamba hoja ya mtandao kukatika itabaki vilevile hata kamati ikikaa mwaka mzima, na kwamba yeye hana jibu lake. Huenda wangesema yeye na hawa watatu wote ni wadanganyifu, wakamaliza. Lakini angalau swali hilo lingejibiwa na watu, kwa sauti, wakiwaona waliokaa mbele yao.

Yusta alikuwa amesogea, anasoma begani kwake. "Hapo unaandika jina la nani?"

"Langu."

"Usifanye hivyo," Yusta alisema. "Sisi tutarudi kwenye makreti, tumezoea. Wewe utarudi wapi?"

Sikitu aliinamia kioo. Aliandika Sikitu Mwalongo. Kwenye sehemu ya maelezo aliandika siku, ugonjwa, idadi ya masomo aliyojibiwa na jina la somo. Jina la Prisca aliliacha. Mfumo ukauliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, ukauliza tena, akabonyeza kwa nguvu mpaka kioo kikalia.

Saa tisa na dakika hamsini, ukurasa wa 4471 uligeuka kijivu. Shauri limesimama. Kivuli kinaendelea.

"Kinaendelea maana yake nini?" Oliva aliuliza.

Kabla hajajibiwa, kitu kililia ndani ya boksi la karanga juu ya dirisha. Kilikuwa kisikio. Kivuli kilikuwa kinaomba somo lake la jioni, kama kawaida, bila kujua lolote. Wanawake watatu walitazamana, halafu wakamtazama Sikitu.

"Kikikaa siku kumi bila kulishwa kinaanza kusahau," alisema. "Siwezi kuwaambia mfanye nini. Mimi si mhakiki tena."

Kengele ya zamu ilipigwa. Oliva alivaa glavu ya pili akakimbilia mkandani. Yusta alikifuta kisikio kwa ncha ya kitenge, akamfuata, akakichomeka chini ya kilemba cha mwenzake bila yeye kuacha kuchambua. Midomo ya Oliva ikaanza kucheza. Alitaja aina ya nondo, akakosea, akasita, na Editha, aliyekuwa anapita na kreti kichwani, akamrushia jina sahihi bila kusimama.

Simu ilianza kuita ndani ya mkoba, chini ya skafu ya buluu. Sikitu aliiacha iite mpaka Oliva amalize jibu. Kisha akaitoa.

"Ndiyo, Profesa," alisema. "Umelisoma vizuri. Ni jina langu."